Vya jikoni au vya gari: kipi kinang'arisha, kipi kinakinga

Gari lililolowa hung'aa, hata lile ambalo rangi yake imechoka. Maji huingia kwenye mikwaruzo midogo, husawazisha uso, na mwanga unaopiga hapo hurudi pamoja badala ya kutawanyika. Likikauka, uchakavu unarudi vilevile. Naanza na hili kwa sababu vitu vingi vya nyumbani vinavyosifiwa kwamba vinang'arisha gari hufanya kazi ileile ya maji, ila vyenyewe vinachelewa kukauka. Mafuta ya kupikia, kondishena ya nywele, polishi ya fanicha: vyote hujaza mikwaruzo, uso ukateleza mkononi, na mwenye gari akaamini ameikinga rangi yake kumbe ameilowesha tu kwa siku mbili tatu.

Kwa hiyo katika ulinganisho huu sihesabu mng'aro wa saa ya kwanza. Nauliza mambo mawili. Baada ya mvua moja na kuoshwa mara moja, kimebaki nini? Na je, kitu hicho kimeondoka na nini bila wewe kujua?

Swali la pili linahitaji maelezo. Kwenye magari mengi ya sasa, kinachong'aa si rangi yenyewe. Juu ya rangi kuna tabaka angavu ambalo wapaka rangi huliita klia. Hilo ndilo linalobeba mng'aro na kuzuia mionzi ya jua isiichujue rangi iliyo chini. Unene wake kwa kawaida ni maikroni 35 hadi 50 hivi, na unywele mmoja wa kichwani una kama maikroni 70. Yaani ngao nzima ya gari lako ni nyembamba kuliko unywele, na ikishasuguliwa ikapungua haioti tena.

Sabuni ya vyombo na shampuu ya gari

Hapa ndipo wengi huanzia, nami nitakaa hapa kidogo.

Sabuni ya vyombo imetengenezwa kwa kazi moja: kung'oa mafuta kwenye sahani. Nta iliyo juu ya klia, kwa sabuni hiyo, ni mafuta tu kama mengine. Kila unapoosha gari nayo unaondoka na sehemu ya nta, na ukirudia kila wiki, nta uliyoipaka kwa jasho itakwisha mapema mno. Lakini tuitendee haki. Madai kwamba sabuni ya vyombo inakula rangi yametiwa chumvi, haiyeyushi klia. Inachofanya ni kuivua nguo, kisha jua, vumbi na kinyesi cha ndege ndivyo vinavyoiumiza.

Shampuu ya gari imewekewa vilainishi vya kuleta utelezi, na tofauti hiyo utaisikia mkononi kabla hujaiona kwa macho. Sponji yenye shampuu hupita juu ya mlango kimyakimya mpaka mwisho. Yenye sabuni ya vyombo huanza vizuri, kisha povu likikatika inakwama na kulia *kwi, kwi*. Mlio huo watu huupenda, wakidhani ndio sauti ya usafi. Ni uso uliobaki mkavu bila kilainishi, na chembe moja ya mchanga ikiwa hapo katikati, inachora. Mizunguko myembamba kama utando wa buibui unayoiona kwenye gari jeusi juani, mingi imetokana na kuoshwa na kufutwa vibaya, si barabarani.

Siku ambayo sabuni ya vyombo ni chaguo sahihi ipo, nayo ni siku moja tu: pale unapotaka kuondoa mabaki ya nta ya zamani ili upake mpya. Hapo nguvu yake ndiyo unayoitaka. Osha, suuza sana, kausha, kisha upake nta siku hiyohiyo, usiliache gari uchi.

Sabuni ya unga siwezi kuipa nafasi hata hiyo. Weka kidogo kiganjani, tia matone ya maji, sugua kwa kidole. Utasikia mchanga. Punje hizo zisipoyeyuka zote, na kwenye maji baridi huchelewa, unazisugua juu ya klia. Isitoshe, sabuni nyingi za unga ni alkali kali. Zikikaukia juani huacha mistari, na kwenye alumini isiyopakwa chochote huacha ukungu. Sabuni ya kipande nayo ikikutana na maji yenye chokaa nyingi hutengeneza ukoko mweupe unaong'ang'ania kwenye maungio ya milango.

Kama shampuu ya gari haipo kabisa, mimi ningechukua shampuu ya nywele ya watoto, kidogo tu kwenye ndoo, baada ya kulimwagia gari maji mengi ili mchanga uondoke kwanza. Ni ya upole zaidi. Haina utelezi wa kutosha, lakini maji mengi hufidia.

Nta, na vinavyojifanya nta

Jaribio hili mtu yeyote anaweza kulifanya, nami nililifanya ili nisiwe naongea kwa kusikia. Nilibandika utepe wa karatasi katikati ya boneti. Kushoto nilipaka kondishena ya nywele, kulia nta ya gari ya kopo, kisha nikafuta pande zote mbili kwa vitambaa tofauti. Siku hiyo usingeweza kuzitofautisha. Kushoto palikuwa laini hata zaidi. Kisha ikanyesha. Nilipotoka asubuhi, upande wa kulia maji yalikuwa yamejikusanya matone duara kama punje za dengu, yakibingirika nilipopuliza. Kushoto yalikuwa yamelala kama shuka, na pembeni mwa boneti mstari mweupe kama maziwa ulikuwa umekaukia. Hiyo ndiyo kondishena, ilikuwa imeondoka na mvua ya kwanza.

Haishangazi. Kondishena ina silikoni na vilainishi vinavyoshika kwenye unywele, lakini imeundwa isuuzike. Nta ya gari imeundwa igome. Nta iliyo maarufu zaidi, karnauba, hutoka kwenye majani ya mti wa jamii ya mnazi unaoota kaskazini-mashariki mwa Brazili; mti huo hujifunika nayo ili usipoteze maji kwenye ukame. Inayeyuka ikipita nyuzi 80 za Selsiasi. Linganisha na mshumaa wa kawaida, ambao nta yake ya petroli huanza kuyeyuka kwenye nyuzi 46 hadi 68. Boneti nyeusi iliyokaa juani inaweza kupita nyuzi 60. Ukikuna mshumaa ukaupaka kwenye gari, unachopata mchana ni uso unaonata na kukusanya vumbi.

Polishi ya fanicha ya kupuliza iko karibu zaidi na kazi, kwa sababu nyingi zina silikoni na nyingine zina nta kidogo. Inang'arisha kweli na huficha mikwaruzo myepesi. Hudumu siku, haifiki wiki nyingi. Tatizo lake linajitokeza gari likipelekwa kupakwa rangi: mabaki ya silikoni yakibaki, rangi mpya inakataa kulala, inafanya vishimo vidogovidogo kama kovu za ndui, na mpaka rangi atalazimika kuanza upya. Kama gari lako linasubiri kazi ya rangi, usiipulize hata karibu yake.

Polishi ya sakafu na ya viatu usizifikirie. Zina rangi zake na viyeyusho vyake, na zikiingia kwenye plastiki nyeusi yenye vinyweleo au kwenye ufa wa rangi, hazitoki. Anayepaka polishi nyeusi ya viatu kwenye mkwaruzo wa bampa atakutana nayo kwenye suruali yake.

Kwa upande wa vya gari kuna uchaguzi pia. Karnauba ina mng'aro wa kina, wenye joto fulani ambao mimi binafsi naupenda kuliko wote, lakini hudumu wiki kadhaa, ikizidi sana miezi miwili mitatu. Nta za maabara, zile zisizotoka kwenye mmea wala mnyama, zina mng'aro wa kioo, mkavu kidogo, na zinaweza kufika miezi sita. Mipako ya seramiki hudumu miaka, lakini uso lazima ung'arishwe kwanza kikamilifu, maana mkwaruzo utakaoufungia chini yake utabaki humo. Kwa gari linalolala nje, chukua nta ya maabara. Linaloingia banda na mwenyewe anafurahia kulipaka, apake karnauba. Kitu cha jikoni hakiingii kwenye mashindano haya.

Taa zilizokuwa njano: dawa ya meno au msasa?

Hapa dawa ya meno inashinda kwa usiku mmoja. Taa za sasa ni plastiki ya polikaboneti iliyofunikwa kiwandani kwa tabaka la kuzuia mionzi ya jua. Tabaka hilo likichoka, plastiki inakuwa njano na kufifia. Dawa ya meno ina unga laini wa kusugulia, wa chokaa au silika, kwa hiyo ukiisugua kwa kitambaa chenye unyevu inaondoa ule unjano wa juu na taa inaona tena. Nyeupe ya kawaida inafaa zaidi kuliko ile ya jeli angavu.

Lakini umeondoa nini? Umekwangua pia kile kidogo kilichobaki cha tabaka la kinga, na hujarudisha chochote. Baada ya wiki chache unjano unarudi, mara nyingi kwa kasi. Vifaa vya kutengenezea taa huenda hatua kwa hatua: msasa wa maji wa namba kama 800, kisha 1500 au 2000, kisha 3000, halafu kompaundi, yaani krimu ya kusugulia, na mwisho kabisa vanishi yenye kinga ya jua. Hatua hiyo ya mwisho ndiyo inayofanya kazi yote iwe na maana. Ukisugua usiku kwa sababu una safari alfajiri na huoni barabara, sugua kwa dawa ya meno. Ukitaka taa idumu, usiishie hapo.

Wapo wanaopaka taa dawa ya kujikinga na mbu. Inang'aa papo hapo kwa sababu kemikali yake, hasa ile iitwayo DEET, inalainisha plastiki yenyewe. Umelainisha uso wa taa, na ukiwa mgumu tena unakuwa umeharibika zaidi kuliko ulivyokuwa.

Vioo: siki inashinda

Siki ya jikoni ina asidi ya asetiki asilimia 5 hivi. Changanya nusu kwa nusu na maji, puliza kwenye kitambaa, futa kioo, kisha maliza kwa kitambaa kikavu. Inaondoa ule utando wa mafuta unaotoka kwenye plastiki za ndani, na inayeyusha madoa meupe ya maji yenye chokaa, jambo ambalo sabuni haliwezi. Dawa nyingi za vioo vya nyumbani zina amonia, nayo huharibu karatasi ya tinti: inabadilika rangi, inafanya mapovu, inabanduka pembeni. Kama gari lako lina tinti ya kubandikwa, siki ndiyo salama, au dawa ya gari iliyoandikwa kwamba haina amonia. Baina ya hizo mbili sioni tofauti inayostahili fedha.

Siki ibaki kwenye vioo. Ikidondokea rangi, suuza. Kwenye rimu za alumini isiyopakwa na kwenye mapambo ya kromu usiiache ikae.

Ndani ya gari

Mafuta ya kupikia kwenye dashibodi ni kosa ambalo linasikitisha kwa sababu linaanza vizuri sana. Plastiki iliyokuwa kijivu inakuwa nyeusi tii. Baada ya wiki, pitisha kidole: kitatoka na utepe wa vumbi lililokandwa kama unga. Mafuta yakipigwa na hewa na joto hugeuka kuwa gundi, ndiyo ileile unayoikwangua nyuma ya jiko. Na kuna hatari ambayo haisemwi vya kutosha: dashibodi inayong'aa huakisi kwenye kioo cha mbele, na ukiendesha ukilielekea jua la jioni unaona dashibodi badala ya barabara. Kwa sababu hiyo hata dawa za dashibodi za dukani nachagua zile zisizong'aa, zenye kinga ya jua. Usukani, kanyagio na lever ya gia visipakwe chochote cha kuteleza, kiwe cha jikoni au cha gari.

Viti vya ngozi vya magari mengi ya sasa vimefunikwa kwa tabaka la plastiki laini. Mafuta ya zeituni hayapenyi. Yanakaa juu, yanachacha na kunuka. Kitambaa chenye maji ya uvuguvugu na sabuni laini kidogo kinatosha, ukifuatisha kikavu.

Soda ya kuokea, kwa upande mwingine, naipa heshima yake yote. Inyunyize kwenye zulia linalonuka, iache usiku kucha, kisha uivute kwa mashine ya kufyonza vumbi. Kazi yake kubwa zaidi iko chini ya boneti. Ule ukoko wa kijani au mweupe kwenye vichwa vya betri unatokana na tindikali, na soda ni alkali. Zima gari, fungua waya wa hasi kwanza, halafu wa chanya. Koroga kijiko kimoja kwenye kikombe cha maji, mwagia kidogo, na utaona inachemka povu kama iko motoni. Sugua kwa mswaki wa zamani, suuza kwa maji kidogo, kausha, rudisha chanya kwanza. Kisha paka vichwa hivyo mafuta ya mgando ili hewa na unyevu visifike. Sijaona bidhaa ya gari inayofanya hivyo vizuri zaidi kiasi cha kukushawishi uiache soda.

Mafuta hayohayo ya mgando usiyapeleke kwenye mipira ya milango. Yanatokana na petroli, na mpira wa aina hiyo huvimba na kulegea ukiguswa na mafuta ya petroli mara kwa mara. Hapo nunua kilainishi cha silikoni.

Tairi, lami, utomvu

Tairi haraka: glisirini huoshwa na mvua, mafuta ya kupikia hukusanya vumbi, dizeli na mafuta ya taa hudhuru mpira. Ule wekundu wa kahawia unaotokea ubavuni ni dawa iliyowekwa ndani ya mpira ili kuuzuia usipasuke, inajitokeza yenyewe taratibu. Brashi na shampuu vinatosha. Dawa ya tairi yenye msingi wa maji ndiyo naichagua, na hata hiyo isifike kwenye sehemu ya tairi inayogusa barabara wala kwenye diski za breki.

Lami iliyorukia mlangoni hutoka kwa mafuta ya taa kidogo kwenye kitambaa, au kwa WD-40, ambayo ilibuniwa mwaka 1953 ili kufukuza maji kwenye chuma. Yote mawili ni viyeyusho: gusa, futa, osha pale kwa shampuu, kisha upake nta upya hapohapo, maana nta ya zamani imeondoka na lami. Petroli hapana, kwa ajili ya moto. Utomvu wa miti hulegezwa na spiriti ya kusafishia vidonda. Kinyesi cha ndege hakihitaji dawa yoyote, kinahitaji haraka: weka kitambaa kilicholowa maji juu yake dakika kadhaa kilainike, kisha kiinue bila kusugua. Kikikaa juani siku nzima, alama yake inaingia kwenye klia.

Dawa ya klorini ya kung'arishia nguo nyeupe isiingie kwenye gari kwa kazi yoyote. Inapausha vitambaa, inaleta kutu, inadhoofisha nyuzi za mikanda ya usalama. Na ikichanganyika na siki inatoa gesi ya klorini. Ikichanganyika na dawa ya vioo yenye amonia inatoa mvuke mwingine wa sumu. Ndani ya gari lililofungwa, hiyo ni hatari ya kifo.

Ningenunua nini

Kama fedha inatosha vitu vitatu tu, ningenunua shampuu ya gari, nta ya maabara na vitambaa vya maikrofaiba. Siki, soda, spiriti na mafuta ya mgando vitatoka kabatini, na kila kimoja nimeshasema mahali pake.

Vitambaa nimevitia kwa makusudi, kwa sababu fulana ya zamani ndiyo kifaa cha nyumbani kinachotumika kuliko vyote, nayo ina mishono. Kata mishono yote, ondoa vifungo na maandishi ya mpira, na bado pamba itausukuma uchafu juu ya rangi. Nyuzi za maikrofaiba zimepasuliwa nyembamba sana, zinauinua uchafu na kuuficha ndani. Zifue peke yake, bila dawa ya kulainisha nguo, maana inaziba nyuzi hizo. Na kitambaa kikianguka chini, hata mara moja, hata kama umekiokota kabla hakijatulia, kimemaliza kazi yake ya siku hiyo. Kitupe kwenye ndoo ya kufulia, chukua kingine.